Foleni ya Mlangoni

Ukitaka kuwajua mbuzi, usianzie malishoni. Anzia mlangoni mwa zizi, asubuhi, kabla boriti za mlango hazijaondolewa. Simama kando, hatua sita saba, bila fimbo na bila simu sikioni. Watakukodolea macho dakika mbili tatu, kisha watakupuuza, na hapo ndipo utakapoona jambo ambalo wengi wetu tunaofuga huku Malindi hulipita kila siku: mbuzi hawatoki ovyo. Wana foleni. Mbuguma mmoja, jike aliyekwisha kuzaa, keshaweka kifua juu ya boriti ya chini, anangoja. Nyuma yake wapo wawili watatu ambao hawathubutu kumpita. Katikati vijana wanasukumana mbavu. Na nyuma kabisa, ubavu ukigusa ukuta, kuna wale wanaosubiri wenzao waishe ndipo watoke, nyuso wamezigeuzia pembeni.

Foleni hiyo haibadiliki sana siku kwa siku, na faida yake iko hapo hapo: ikibadilika, pana sababu. Mbuzi ni mnyama wa kuwindwa, na mnyama wa kuwindwa huficha maradhi kadiri awezavyo, maana anayeonyesha unyonge ndiye fisi anayemchagua. Ataendelea kutafuna, ataendelea kutembea, hata utasema ni mzima. Lakini nafasi yake katika foleni hawezi kuishikilia kwa kujifanya. Wenzake wanamjua kuliko unavyomjua wewe, na wao hawamwonei haya.

Basi kazi ya kwanza haihitaji dawa wala kamba, inahitaji daftari. Kila mbuzi awe na jina au alama. Huko Marafa na Langobaya watu huwaita kwa rangi na mabaka, na hiyo yatosha kama kundi ni dogo. Wakifanana, funga vitambaa vya rangi mbalimbali shingoni. Kwa siku kumi, andika wanne wa kwanza kutoka na wanne wa mwisho. Wa katikati waache, watakuchosha bure. Siku ya nne hivi majina yatakuwa yanajirudia, na ya kumi utakuwa na picha kamili.

Si lazima iwe alfajiri. Wakati wa masika, majani yakiwa na umande, wengi hufungua mnamo saa tatu jua likishakausha nyasi, kwa kuwa mabuu ya minyoo hupanda juu kwenye jani bichi penye unyevu. Saa yoyote utakayochagua, iwe ile ile kila siku. Ukifungua leo saa mbili na kesho saa nne, unapima njaa, hupimi cheo.

Sehemu ya pili ya daftari ni ya horini. Ukishaweka chakula, kaa nusu saa uandike kila mara mbuzi mmoja anapomwondoa mwingine: nani kamwondoa nani, basi. Kundi la mbuzi 12 lina jozi 66, kwa hiyo usitegemee kuziona zote siku moja. Na usingoje vita. Vita ni vichache, kwa sababu kazi kubwa ya cheo ni kuzuia vita. Mkubwa humwondoa mdogo kwa ngazi, na ngazi ya kwanza karibu haionekani: humtazama tu, shingo imenyooka, kidevu juu kidogo. Mdogo akielewa, huhamisha kichwa chake kana kwamba alikuwa amekwisha kushiba. Asipoelewa, mkubwa huinamisha pembe bila kugusa. Kisha humsukuma ubavuni kwa kipaji cha uso. Mwisho kabisa ndipo humpiga hasa. Anayehesabu vipigo peke yake huandika habari nusu.

Vita vyenyewe vikitokea, vitazame vizuri maana vina adabu yake. Kondoo hurudi nyuma, akaja mbio, vichwa vikagongana. Mbuzi hafanyi hivyo. Mbuzi husimama wima kwa miguu ya nyuma, hujipinda kidogo upande, shingo ameikunja kidevu kikielekea kifuani, kisha hushuka kwa uzito wake wote na pembe zake zikutane na pembe za mwenzake. Mwenzake huwa amejikita chini akimngoja. Halafu wanaachana, wanatazamana, pengine mmoja anang'ata jani la karibu kama hakuna lililotokea, na wanarudia. Yule atakayegeuza shingo kwanza ameshindwa, na aghalabu hafukuzwi mbali. Cha kuogopa si mlio wa pembe, ambao hutisha watu bure. Cha kuogopa ni kipigo cha ubavuni, hasa kwa mwenye mimba pevu, na ni kumbana mnyonge pembeni asipate njia ya kukimbilia.

Ukilinganisha kurasa mbili za daftari, utakuta jambo linalowashangaza wengi: anayeongoza njiani si lazima awe ndiye anayetawala horini. Kiongozi wa njia kwa kawaida ni jike mtu mzima anayejua maji yapo wapi na mkunazi upi umeangusha matunda. Bwana mkubwa wa horini ni mwenye umri, mwili na pembe, na aweza kuwa mvivu wa kutembea. Kengele mfungie yule wa njia. Ukimfungia mbabe, siku akiamua kulala chini ya mkwaju utafuata mlio na ukute mbuzi mmoja, kundi limekwenda zake.

Kiongozi huyo ndiye pia ufunguo wa kuwaswaga wengine. Mfundishe yeye peke yake kufuata kopo lenye punje za mahindi. Wiki moja yatosha. Kundi la kondoo hukusanyika ukilisukuma kutoka nyuma. Kundi la mbuzi ukilisukuma hutawanyika, au hugeuka likakutazama. Mbuzi huongozwa kutoka mbele. Ukilazimika kumsogeza mmoja, kumbuka bega lake: ukisimama nyuma ya bega atakwenda mbele, ukipita mbele ya bega atasimama au kurudi. Na usidhani utamvizia. Mboni yake ni mstari uliolala, inaona karibu pande zote isipokuwa mgongoni kwake, na hata akiinamisha kichwa kula, jicho hujizungusha ili mstari ule ubaki sambamba na ardhi. Watafiti wa Berkeley, Marekani, walilieleza jambo hilo mwaka 2015. Mbuzi anayekula chini bado anakuona ukija na kamba.

Tuje kwenye mabadiliko. Mbuzi aliyezoea kutoka wa tatu akitoka wa tisa, andika tu. Akitoka wa tisa siku ya pili, mshike. Usimshike kwa pembe kama ni mchanga, zinaweza kung'oka na kumwaga damu. Pitisha mkono chini ya taya, mwingine nyuma ya shingo. Vuta kope la chini utazame utando wa ndani kwenye mwanga wa jua. Mwekundu au wa waridi iliyokolea ni salama. Mweupe kama karatasi maana yake damu inanyonywa, na huku Pwani mtuhumiwa wa kwanza ni minyoo ya tumboni. Papasa chini ya taya: uvimbe laini wa maji unaotoka jioni na kupungua asubuhi ni ushahidi mwingine wa minyoo hiyo. Weka ngumi kwenye shimo la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, uhesabu dakika nzima. Tumbo likifanya kazi litaisukuma ngumi yako mara moja au mbili. Likinyamaza, hata kama mbuzi anakula, ana shida. Pima joto kabla jua halijapanda: digrii 38.5 hadi 39.5 ni kawaida, na siku za kaskazi, mchana wa Februari, hata mzima aweza kufika 40, kwa hiyo kipimo cha saa nane mchana kisikutie hofu wala kisikutulize. Inua na kwato. Mara nyingi mbuzi "mgonjwa" ana mwiba wa mgunga tu.

Lakini kushuka foleni si ugonjwa siku zote. Anayekaribia kuzaa hujitenga siku moja au mbili kabla, na atakuwa wa mwisho kwa hiari yake. Aliyeshindwa vita jana hujificha nyuma leo, macho mazima, anakula vizuri ukimpa peke yake. Mtihani ni huo: mtenge, mpe majani ayapendayo. Akila kwa pupa, shida yake ni wenzake. Asipokula, shida iko mwilini mwake.

Kupanda foleni nako kuna maana. Mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, aliyekuwa mnyonge wa nyuma akija mbele ghafla, analia, anatikisa mkia haraka haraka, anawapanda wenzake au anakubali kupandwa, huyo ana joto la kutaka beberu. Litadumu siku moja hadi mbili. Andika tarehe, ongeza 21, na siku hiyo simama mlangoni mapema.

Sasa horini tena, maana hapo ndipo foleni hugeuka kuwa njaa. Mbuzi mmoja anahitaji upana wa kama sentimita 40 kula bila kugombana. Wenye pembe ndefu, 50. Kwa 12 utapata karibu mita tano. Kosa la kawaida ni kutengeneza hori moja la mita tano na kulipachika ukutani hadi kwenye kona. Mbabe atasimama katikati na kulitawala lote, na kona itakuwa mtego wa mnyonge. Gawanya hori hilo mara tatu, ziwe mbalimbali hatua nne tano, pasiwe na kona. Mbabe hawezi kuwa mahali patatu, ingawa atajaribu: utamwona akikimbia huku na huko akipiga wenzake pembe huku yeye mwenyewe hali. Baada ya siku mbili huchoka, akachagua hori lake.

Kinyume na watu wanavyodhani, mnyonge si ndiye wa kwanza kufa kwa chakula. Ukimwaga mahindi makavu au pumba nyingi kwa mkupuo, mbabe ndiye atakayekula sehemu yake na ya wenzake watatu, tumbo lichachuke, na kesho yake ndiye utakayemkuta amelala amejaa, meno anayasaga. Nafaka ipimwe, igawanywe, na ianzishwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili.

Majani yatundike. Fungu la matawi ya mkwamba au mbaazi likining'inizwa mita moja hadi moja na nusu kutoka chini litaliwa hadi kijiti. Hilo hilo ukilitupa chini litakanyagwa, litaingia mkojo, na hakuna atakayeligusa. Hapo ndipo watu husema mbuzi ni wa madaha. Mbuzi kwa asili ni mla vichaka, si mla nyasi. Umbile lake lote, ule mdomo wa juu unaochambua jani kati ya miiba, ile tabia ya kusimama kwa miguu miwili kuvuta tawi, ni la kula kwa juu. Na hata yule unayemwona mjini Maweni akitafuna katoni, mara nyingi hali, anapima. Mdomo ndio mkono wake. Shida ni kwamba vingine akishavipima huvimeza, na mifuko ya plastiki, ijapokuwa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, bado mabaki yake yamo majaani na matumboni.

Mvua ni sura nyingine ya cheo. Mbuzi hapendi maji mwilini hata kidogo. Upepo ukianza kunukia mvua, kundi linageuka lenyewe kurudi. Sasa tazama kinachotokea kwenye banda lenye mlango mwembamba. Wakubwa wanaingia kwanza na wanasimama hapo hapo mlangoni, vichwa nje, wakitazama mvua. Hawana haja ya kwenda ndani. Wadogo hawawezi kuwapita, kwa hiyo wanabaki chini ya ukingo wa makuti, maji yakiwatiririkia mgongoni, na wiki ya pili ya masika unasikia kikohozi. Mwenye banda atalaumu baridi ya kusi. Mlango ndio wa kulaumiwa. Fanya milango miwili, au mmoja wa mita moja na nusu, na weka ndani kizuizi kifupi cha mbao kinachowakata wasionane wote. Mnyonge akiwa hatazamwi hulala. Nafasi ya ndani isipungue mita moja na nusu ya mraba kwa kila mbuzi mkubwa. Sakafu ya mbao ikiinuliwa, mianya iwe sentimita moja na nusu hivi: kinyesi kipite, kwato isipite.

Mbuzi wa mjini, yule wa kamba, ana taabu ya namna yake. Methali inasema mbuzi hula urefu wa kamba yake, na hesabu yake ni hii: kamba ya mita nne humpa karibu mita 50 za mraba, ya mita tano humpa 78. Mita moja tu, na eneo limezidi kwa zaidi ya nusu. Lakini kamba ndefu kuliko hapo huzungukia miti na miguu. Tumia ukanda shingoni, usitumie kitanzi kinachokaza. Weka kipete cha chuma kinachozunguka penye kigingi. Mhamishe mara tatu kwa siku, na kivuli kiwe ndani ya duara lake saa sita mchana, si saa mbili asubuhi ulipomfunga. Wawili wasifungwe kamba zikafikiana. (Mbuzi ya jikoni, ile ya kukunia nazi, ndiyo pekee isiyohitaji mwenzake.)

Nasema mwenzake kwa sababu ya kelele za siku za kuelekea Iddi ya kuchinja. Mtu wa Barani au Shela hununua mbuzi siku tano kabla. Muuzaji amemfunua mdomo: "Tazama bwana, huyu keshatia meno mawili," yaani meno ya kikubwa ya mbele, yanayochomoza kati ya mwaka na mwaka na nusu, dalili kwamba ametimiza mwaka. Mbuzi anafungwa peke yake chini ya mkungu uani. Usiku kucha analia. Majirani wanasema ana njaa, wanamletea majani, anayanusa na kuendelea kulia, hazunguki ila kuelekea upande wa barabara. Hana njaa. Hajawahi kuwa peke yake tangu azaliwe, na kulia ndiko kunakomrudisha mbuzi aliyepotea kwa wenzake: huita, wao huitika, yeye hufuata sauti. Sasa anaita na hakuna anayeitika. Atapungua uzito ambao umeulipia. Tiba yake ni rahisi: kubalianeni wewe na jirani, mbuzi wawili wakae ua mmoja, au wafungwe pande mbili za ua wa makuti uliotobolewa waonane. Muulize muuzaji alikuwa anakula nini, umpatie hicho hicho siku za mwanzo. Mbuzi huokota ladha kwa mama yake, na chakula kigeni hukionja kidogo kidogo kwa siku kadhaa hata kiwe kizuri vipi.

Na baada ya kuchinja, ukikuta ubongoni vifuko vya maji, usiwatupie mbwa. Ni mabuu ya tegu wa mbwa. Mbwa akiyala, tegu hukua tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, mbuzi mwingine anayala pamoja na majani, na baada ya miezi utamwona anazunguka upande mmoja kama anayetafuta mkia wake. Choma au zika chini sana.

Kuleta mgeni katika kundi ni jambo ambalo watu wengi hulifanya vibaya kwa haraka. Kwanza mtenge wiki tatu hadi nne kwa ajili ya maradhi. Kisha mweke siku tano hivi upande wa pili wa ua wanaoweza kunusana. Walete wawili badala ya mmoja, ili kipigo kigawanyike. Wakutanishe nje penye nafasi, wenyeji wakiwa wameshiba, kamwe si zizini jioni. Siku ya kwanza itakuwa ya pembe tangu asubuhi. Ya pili nusu yake. Kwa kawaida kufikia ya tano wamekwisha kupangana. Ukiingilia kati kila wanapogombana, unawarudisha mwanzo. Ingilia kukiwa na damu, au mmoja amelala chini na anaendelea kupigwa. Angalia pia miili. Jike wa Galla, aina ya mbuzi wenye miili mikubwa, aweza kuwa na kilo 45 hadi 55, na wa kienyeji mara nyingi hapiti 30. Ukinunua Galla wawili watatu kwa wanaowaleta kutoka upande wa Tana River ukawachanganya na wako, umepindua serikali nzima. Wakubwa wako wa zamani watashuka chini, na baadhi watakonda kwa mwezi. Waongezee hori.

Beberu sitamkalia sana, maana harufu yake inajieleza. Hujikojolea ndevu na miguu ya mbele makusudi, hiyo ndiyo manukato yake. Akinusa mkojo wa jike hunyanyua kichwa na kukunja mdomo wa juu, ufizi nje, kama anayecheka. Hacheki, anapeleka harufu kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa kinachomwambia kama jike yuko tayari. Mmoja mzima anatosha majike 25 hadi 30. Lenye faida kwa mfugaji ni hili: ukimtenga mwezi mzima, mbali kabisa wasimwone wala kumnusa, kisha ukamrudisha, majike mengi yatashika joto ndani ya siku kumi hivi, na watazaa karibu pamoja. Mimba ni siku 150. Akirudishwa tarehe 1 Juni, wa kwanza watazaa mwishoni mwa Oktoba, vuli ikileta majani mabichi bila matope ya masika.

Siku ya kuzaa, usimfuate jike. Atajitenga, atazunguka, atakwaruza chini kwa kwato, atalala na kuinuka. Saa ya kwanza baada ya kuzaa ni yao wawili. Anapomlamba mwanawe anajifunza harufu yake, na mlango huo haukai wazi muda mrefu: mtoto akiondolewa kabla hajalambwa na kurudishwa baada ya saa kadhaa, mama aweza kumpiga pembe kama mgeni. Wanaoharibu ni watu wema wanaokimbia na kitambaa kumfuta na kumpitisha mkono kwa mkono. Safisha pua na mdomo tu kama hapumui vizuri, kisha mweke mbele ya mama, maji maji yake yakiwa bado mwilini. Dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, aipate ndani ya saa moja au mbili. Akishindwa kunyonya, kamua umpe mililita 50 kwa kila kilo: mtoto wa kienyeji wa kilo mbili, kama mililita 100, na arudie mara kadhaa siku hiyo.

Kisha anafanya jambo linalowatia watu hofu. Anapotea. Mwanakondoo humfuata mama tangu siku ya kwanza. Mwanambuzi, siku zake za mwanzo, hujificha. Hulala nyuma ya gogo au kichakani, kimya, shingo ameilaza chini, na mama huenda kula mbali akarudi kumnyonyesha. Ukimkuta hivyo, hajatupwa. Mtie kidole mdomoni: kukiwa na joto, na tumbo limejaa, mwache palepale na uondoke njia nyingine. Ukimbeba kumpeleka "kwa mama yake," mama atarudi pale alipomwacha na hatamkuta, na ndipo utakapomsikia.

Sauti hiyo si mee ya kila siku. Kwa karibu mama hutegemea pua, hunusa chini ya mkia wa mtoto anaponyonya. Kwa mbali hutegemea sikio, na siku mbili tatu zatosha kumtambua wake kwa mlio. Mwaka 2012 watafiti wa Queen Mary, chuo kikuu cha London, walionyesha kwamba mama huitikia sauti ya mwanawe aliyerekodiwa hata miezi mingi baada ya kuachishwa, na kwamba watoto wanaolelewa kundi moja hufanana milio. Ndiyo kusema kila zizi lina lafudhi yake. Chuo hicho hicho kilionyesha mwaka 2016 kwamba mbuzi akishindwa kufungua kisanduku chenye chakula humtazama mtu, kisha kisanduku, kisha mtu tena. Kwa hiyo akisimama penye ndoo anakutazama wewe, anaitazama ndoo, anakutazama tena, usipite. Jua kali mbuzi mkubwa hunywa lita tatu hadi tano, anayenyonyesha zaidi, na ndoo iliyoingia kinyesi kwake ni tupu.

Jioni foleni hurudi imepinduka. Wa mbele ni wenye viwele vilivyojaa, wanakuja mbio wakiita. Mbabe anafuata taratibu. Hesabu wakiwa wanaingia, si wakishaingia. Wakishalala, pita kimya saa mbili usiku na taa hafifu: taya zinasaga, zinanyamaza sekunde chache, donge linapanda shingoni unaliona, zinaanza tena. Yule ambaye taya zake zimetulia wakati jirani zake wote wanacheua, mwandike.

Na kama mmoja amekosekana, usitoke na tochi na kelele. Tochi humfanya anyamaze. Mchukue aliyezoea kulala naye ubavu kwa ubavu, jina lake limo daftarini, mfunge kamba umpeleke hadi njia ya malishoni, upande ambao upepo utachukua sauti yake kuelekea kichakani. Akiwa peke yake hatakawia kuita. Nyamaza usikilize mee ya pili inatokea wapi.